Mkwaruzo kwenye Beji ya Alcide

Ukimpa Verlin Oakes beji ya kampeni, hakuitazama usoni. Aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza ubavu, akaisogeza dirishani na kuinamisha kioo chake cha kukuzia juu ya ukingo, pale plastiki inapojikunja kuingia nyuma ya bati. Alikuwa akitafuta alama ndogo kuliko mbegu ya mchicha: muhuri wa chama cha wachapaji. Akiiona, alitabasamu, na hapo ndipo aliposoma beji inasema nini. Asipoiona, hakujisumbua kusoma.

Alikuwa mpangaji wa herufi kwenye kiwanda cha uchapaji tangu ujanani, San Francisco, enzi ambazo mtu akitaka kusema neno lake hadharani ilibidi lipite kwanza mikononi mwa watu wenye wino kwenye kucha. Watu hao waliosha mikono kwa mafuta ya taa, walikuwa na chama chao, na kazi isiyo na muhuri wa chama hawakuigusa. Hayo yote yamekwisha. Siku hizi kila mtu ana mashine yake ya kuchapa, ndogo kama kisanduku cha mkate, na anatema karatasi asubuhi hadi jioni bila kumwonea haya mtu. Kiwanda cha kina Verlin kimegeuzwa ukumbi ambao watu hulipa ili walale sakafuni wajinyooshe viungo.

Mwaka 1972, wakazi wa California walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuamua kama mtu mzima aachwe na bangi yake bila kufungwa, mabango ya kampeni yalitoka kwenye mashine ya Verlin. Kura ile walishindwa vibaya. Wenzake waliyatupa mabango yaliyobaki. Yeye aliyachukua kwenda nayo nyumbani, na tangu hapo hakuacha kukusanya: beji, vibandiko vya magari, viberiti, fulana, kila kilichobeba neno la kampeni zile za mwanzo. Binti yake alipoolewa, chumba chake kilijaa droo za beji zilizolazwa juu ya kitambaa laini. Marehemu mkewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba mumewe ana bangi chumba kizima na hakuna hata ya kuvuta.

Sasa ilikuwa 2018 na maduka yalikuwa yamefunguliwa. Bangi ilikuwa inauzwa kwenye vyumba vyeupe kama vya kuuzia miwani, na vijana wenye ndevu zilizopakwa mafuta wakikushauri kama madaktari. Verlin hakuwa na neno na ruhusa yenyewe, maana aliipigia kura kila ilipoletwa. Kilichomuuma ni kwamba hakuna mnunuzi aliyeuliza ni nani waliolala gerezani kwa kitu kile kile anachofungiwa leo kwenye mfuko wenye utepe. Kwa hiyo maktaba moja ya Oakland ilipowaomba watu wa chama cha wakusanya beji wapange kabati la vioo kuhusu kampeni za zamani, Verlin aliipokea kazi ile kama ndiyo aliyokuwa akiisubiri tangu astaafu.

Chama chao kilikutana kila mwezi Hayward, kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, penye kahawa chungu na donati za jana. Mwenyekiti alikuwa Hollis Kettering, mzee mnene aliyewahi kuwa daktari wa meno. Mbele ya ukumbi ilikuwepo meza yenye kitambaa cha kijani, na kwenye mguu wa meza ulining'inia msumari kwa kamba. Mtu akiweka beji juu ya kitambaa kile, amekubali ihukumiwe. Ikionekana ni ya kughushi, mwamuzi anauchukua msumari na kuipiga mkwaruzo usoni, toka upande hadi upande, isije ikamdanganya mwingine. Mila hiyo ilizaliwa na hasira, maana matapeli walikuwa wakichapa beji mpya na kuzilowesha kwenye chai ili zionekane zimezeeka. Wanachama wote waliijua, na kwa sababu wote waliijua, hakuna aliyeiandika popote. Mwamuzi alikuwa Verlin.

Mwezi wa nne alikuja mama mmoja mweusi, mtu mzima, kofia ya kanisani kichwani, mkononi kakopo ka hamira. Jina lake Corinne Batiste. Alimwambia Hollis mlangoni kwamba amesikia habari za kabati la maktaba, na kwamba ana kitu cha kaka yake ambacho angependa kiwekwe humo. Hakiuzi, alisema. Anataka tu kaka yake akione kikiwa nyuma ya kioo, na jina lake chini yake. Hollis aliandika namba yake ya simu na kumwelekeza mezani. Bi Corinne akafungua kopo, akaiweka beji juu ya kitambaa cha kijani kama mtu anavyoweka sahani mezani.

Verlin aliigeuza ubavu, akazungusha ukingo wote chini ya kioo, mara moja, kisha tena. Hakukuwa na muhuri.

"Nani kakuuzia hii, mama?"

"Sijauziwa. Ilikuwa kwenye koti la kaka yangu, Alcide."

Nyuma yake mtu alicheka kidogo. Verlin alijua wanamsikiliza, na palipo na wasikilizaji ulimi wake ulikuwa mwepesi. "Mama yangu, kila feki inayoletwa kwenye meza hii imetoka kwenye koti la marehemu. Ningekuwa nakusanya hayo makoti, saa hizi nina duka la mitumba."

Hapo ukumbi mzima ulicheka. Bi Corinne alisubiri wamalize.

"Sijasema ni marehemu," alisema.

Ilikuwa nafasi ya kuuliza, na Verlin hakuuliza. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuufikia msumari. Aliona jani, aliona na kitu kama mlango uliochorwa kwa mkono, basi. Akaukandamiza msumari na kuuburuta. Ulitoa sauti ile ya kuingia kwenye meno, na rangi ya kijani ikainuka kama maganda.

Bi Corinne hakupiga kelele. Alinyoosha mkono, akaichukua beji, akaipangusa kwa kidole gumba, mara mbili tatu, kama mtu anayempangusa mtoto mdomo. Alipoona haifutiki aliirudisha kwenye kopo na kukaza kifuniko.

"Asante kwa muda wako," alisema, akatoka.

Hollis alisema yule mama angefaa kuwa mgonjwa wake, maana ameng'olewa bila ganzi na hajalia. Verlin alicheka pamoja nao. Lakini ile asante ilimfuata hadi kwenye gari.

Wiki chache baadaye alianza kuchagua vitu vya kabatini. Alikuwa na picha moja aliyoipenda kuliko zote, aliyoipata ndani ya boksi kwenye mnada wa vitu vya mtu aliyefariki. Ilionyesha meza ya kampeni mbele ya supamaketi ya Oakland, mwaka ule wa 1972, na ukutani nyuma ya meza limebandikwa bango kubwa. Bango lake. Kila mgeni wa nyumbani kwake aliyekwenda chooni alisimamishwa kwenye ujia, ilikotundikwa, akapewa kioo cha kukuzia, akaonyeshwa muhuri wa chama kwenye kona ya chini ya bango. Ili bango likae katikati ya fremu, Verlin mwenyewe alikata kadibodi nyeupe na kuizungushia picha. Vilivyokuwa pembeni vilifunikwa. Upande wa kushoto palibaki mkono wa koti tu, usio na mwenyewe, na miaka yote ile hakuwahi kujiuliza ni wa nani.

Sasa alitaka vipimo vya picha nzima, kwa hiyo aliifungua fremu na kuiondoa kadibodi.

Mwenye mkono alikuwa kijana mweusi mwembamba, amevaa koti la kodrai, anacheka na mtu asiyeonekana. Kando yake msichana ameinamia mashine ndogo ya mkono iliyokazwa kwenye ukingo wa meza, na mbele ya msichana kuna boksi la vibati vya mviringo. Kifuani mwa kijana kulikuwa na beji. Verlin alileta kioo. Aliona jani na mlango wa gereza ulioachwa wazi, na kwa mara ya kwanza alisoma maneno yaliyoandikwa kwa mkono kuuzunguka mchoro: Sema ndiyo, waliofungwa warudi nyumbani.

Aliingia bafuni, akakaa kwenye ukingo wa bafu, picha magotini. Masikio yalimwaka kama ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Alikuwa na beji nyingi zilizosema uhuru na haki, na moja ilichorwa jani limevaa miwani. Hakuwa na hata moja iliyowataja wafungwa. Aliyewataja alikuwa huyu, na beji yake ameipiga msumari, na watu wakacheka kwa mzaha wake.

Ukweli usemwe: kitu cha kwanza alichofanya ni kuirudisha kadibodi. Iliingia mahali pake vizuri tu, na yule kijana akapotea, ukabaki mkono wa koti. Siku mbili Verlin alipita kwenye ujia ule akiangalia sakafu. Siku ya tatu alimpigia simu Hollis na kumweleza. Hollis alisema beji ni beji, amtafutie mama nyingine. Verlin akamwambia hakuna nyingine. Basi amwambie msumari uliteleza, alisema Hollis, watu wazima mikono hutetemeka. Kilichomwaibisha Verlin zaidi ya ushauri wenyewe ni jinsi alivyouonja mdomoni, akaona unafaa, kabla hajaomba namba ya simu ya yule mama na kukata.

Bi Corinne aliishi mashariki ya Oakland, kwenye nyumba ya rangi ya siagi yenye nondo madirishani. Alifungua mlango ukiwa bado kwenye mnyororo.

"Umekuja na msumari?"

"Hapana, Bi Corinne. Nimekuja na picha."

Bi Corinne akasema unga wake uko motoni na hawezi kusimama mlangoni, aingie kama anaingia. Jikoni alikuwa anakaanga unga kwenye mafuta kwa ajili ya gumbo, ule mchuzi wa kwao Louisiana, wa bamia na kamba, na unga ule ukiacha kuukoroga umeungua. Kwa hiyo alimpa mgongo na kuendelea na mwiko. Hakumwambia akae. Verlin alisimama karibu na friji, kofia mkononi, bahasha kwapani, akasema alichokuja kusema. Alisema vibaya, akirudia rudia.

"Nionyeshe," Bi Corinne alisema.

Verlin aliinua picha mbele ya macho yake. Mwiko haukusimama, ila ulipunguza mwendo.

"Huyu ni Alcide. Na huyu aliyeinama ni mimi. Mashine tuliazima kanisani, ya beji za watoto wa Jumapili. Alcide alichora kwenye meza ya mama, mimi nikakata na mkasi." Alikoroga. "Alikuwa katoka gerezani mwaka uliotangulia. Sigara mbili za bangi, kwenye mfuko wa koti hilo hilo. Mama alilifua, akalipiga pasi, akamwambia hili koti utalivaa mpaka walizoee."

Verlin aliuliza Alcide yuko wapi sasa. Yuko kwenye nyumba ya wazee, alimjibu, kiharusi kimemchukua upande mmoja pamoja na maneno. Anaelewa kila kitu. Bi Corinne alipomwambia kuhusu kabati la maktaba, alimshika mkono mpaka ukauma. Sasa kila dada mtu akienda kumtazama, Alcide anamwangalia kama anayeuliza lini, naye anamdanganya kwamba vioo bado havijafika.

Pengine ilikuwa haya, pengine ilikuwa mazoea ya mtu aliyezoea kuulizwa yeye, lakini Verlin alifungua mdomo akasema neno ambalo baadaye alitamani angelimeza. "Mbona hamkuileta kiwandani kwetu? Tungeipiga muhuri."

Bi Corinne aligeuka kumtazama, mwiko ukiendelea kuzunguka nyuma yake.

"Kwenye hicho kiwanda chenu, mlikuwa na mpangaji wa herufi mweusi?"

Verlin alirudi kiwandani kichwani mwake. Alipita safu kwa safu, mashine kwa mashine, akiwatazama wenzake wote aliowapenda, wenye kucha nyeusi na mikono inayonuka mafuta ya taa, watu ambao kila siku alilalamika kwamba dunia haitawaona tena. Alifika hadi mlango wa nyuma. Hapo ndipo alipompata mweusi, mfagiaji.

"Hapana," alisema.

"Na kwenye chama?"

"Hapana."

"Basi pembeni mwa beji ya Alcide ulikuwa unatafuta nini?"

Verlin alifungua mfuko wa shati, akatoa beji yake adimu kuliko zote, aliyokuwa ameifunga kwenye kitambaa, na kumwomba aipokee. Bi Corinne hata hakuigusa. Akamwuliza aifanyie nini, maana Alcide hakuivaa hiyo. Verlin akasema yuko mtu anayeweza kupaka rangi juu ya mkwaruzo, usionekane kwa macho.

"Ili wewe usiuone?" Alipunguza moto. "Nisikilize, Bwana Oakes. Itaingia kabatini hivyo hivyo. Chini yake utaandika ni ya nani na aliichora kwa nini. Halafu utaandika mkwaruzo umetoka wapi."

"Nitaandika kwamba mwanachama wetu mmoja..."

"Nimesema mkwaruzo umetoka wapi. Alcide alipokamatwa na sigara mbili, gazeti liliandika jina lake na la baba na mtaa tunaokaa. Wewe hatutaandika mtaa."

Kopo la hamira lilikuwa juu ya friji, karibu na bega lake. Ilibidi alichukue mwenyewe.

Kadi ile aliipanga kwenye gereji, penye mashine ya mkono na sanduku la herufi za madini ya risasi alilolikomboa kiwanda kilipokufa. Aliiandika kama alivyoambiwa: beji ya Alcide Batiste, iliyotengenezwa na yeye na dada yake kwa ajili ya waliofungwa, mkwaruzo ulipigwa na Verlin Oakes, aliyedhani ni ya kughushi kwa kuwa haikuwa na muhuri wa chama kisichompokea aliyeitengeneza. Yote yalikuwemo. Lakini alipofika kwenye kuchagua herufi, mkono ulikwenda kwenye zile ndogo kuliko zote, za kuchapia maelezo ya dawa. Alijiambia kabati lina nafasi ndogo.

Siku ya ufunguzi watu walijaa kuliko walivyotarajia. Verlin alisimama kando ya kabati na tai yake, akiwatazama wanavyoinama. Wengi waliona beji iliyochubuliwa, wakaikodolea kadi, wakakata tamaa na kusogea kwenye jani lenye miwani. Kijana mmoja wa duka la bangi alimwuliza kama ule mchoro wa mlango una mwenyewe, maana ungependeza kwenye mifuko yao. Verlin alimjibu kwamba mwenyewe yuko njiani.

Alcide alikuja kwenye kiti cha magurudumu, akisukumwa na dada yake. Alikuwa amevaa koti la kodrai, limekuwa kubwa mara mbili yake. Watu waliwapisha. Kiti kilifika hadi kioo, na yule mzee akaitazama beji kwa muda mrefu, upande mmoja wa uso ukiwa umelala na mwingine uko macho. Kisha mkono wake mzima ulipanda polepole hadi kifuani, upande wa kushoto wa koti, ukapapasa penye vitundu vya pini. Akamtazama dada yake. Kidole kikaonyesha mkwaruzo.

Bi Corinne aliinama kwenye kadi. Alivua miwani, akaivaa tena.

"Hii umewaandikia sisimizi?"

Verlin alisema kabati lina nafasi ndogo.

"Nafasi naiona. Kaka yangu macho yake hayafiki hapo, na anauliza nani kamchubulia beji."

Hollis alikuja haraka, donati mkononi, akasema kwa uchangamfu kwamba hilo si tatizo, yeye sauti anayo, atawasomea. Bi Corinne alisema hapana, asome mwenyewe aliyeandika.

Ukumbi mzima uliwageukia, wakiwemo wale wale waliocheka Hayward. Verlin hakuhitaji kusoma, kila herufi aliipanga kwa mkono wake. Alichuchumaa mbele ya kiti, magoti yakilia, akasema yote kwa sauti ya kusikika, na alipofika kwenye jina lake hakulikimbiza. Alcide alimtazama muda wote. Kwenye lile jicho zima Verlin alitafuta hasira, angeipokea. Alichokiona ni mtu anayemwangalia kwa makini, kama anayeoanisha sura na jina ili asije akasahau. Kisha mzee akageuza uso kurudi kwenye beji yake, na mambo ya Verlin yakawa yamekwisha.

"Badilisha hiyo kadi," alisema Bi Corinne. "Jumanne namleta tena."

Jioni ile Verlin alishusha kutoka juu ya kabati la gereji droo ambayo hakuwahi kuifungulia kazi ndogo. Zilikuwa herufi za mbao, kubwa kama viganja, zile zile zilizochapa bango la 1972. Alizipanga kinyume kama ilivyo kawaida ya kazi, kulia kwenda kushoto. Maneno ya beji aliyaweka kwa herufi za wastani. Jina la Alcide Batiste na jina lake mwenyewe aliyaweka kwa zile kubwa, maana hakuona sababu ya kumwandika mmoja mkubwa kuliko mwenzake. Maisha yote alikuwa amepanga majina ya watu wengine kwa ukubwa ule. Lake hakuwahi, na lilikuwa refu ajabu.

Alipakaza wino. Ndipo mkono, kwa mazoea yake, ukanyooka kwenye kijisanduku cha pembeni na kuokota kipande kidogo cha risasi chenye muhuri wa chama, kwenda kukichomeka kwenye kona ya chini, mahali pake pa siku zote. Alikishika kati ya vidole kwa muda. Akakirudisha kwenye kijisanduku, akavuta mkono wa mashine, na kona ile ikatoka nyeupe.